Siku Moja Mlimani, Kesho Unaendelea: Maswali na Majibu

Anayepanda mlima na kurudi nyumbani jioni anaweza kuvumilia maumivu madogo. Kwenye njia ndefu ya siku nyingi mambo ni tofauti, kwani miguu uliyolala nayo ndiyo utakayoamka nayo.

Kisigino kinaniunguza, ila lengelenge bado. Nivumilie hadi mapumziko?

Hapana. Simama hapo hapo, hata kama wenzako wametangulia. Lengelenge huja kwa kusuguliwa mara nyingi mahali pamoja: tabaka la juu la ngozi huachana na la chini, kisha majimaji hujaa katikati. Jasho huharakisha hali hiyo. Vua kiatu na soksi, kung'uta mchanga, kausha mguu, uache upoe. Utaona wekundu, mara nyingi pale mshono wa kiatu unapogusa. Bandika plasta bila mkunjo, na uikate pembe ziwe za mviringo ili soksi isizibandue. Vaa soksi kavu, kisha kaza kamba kwenye kifundo ili kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Ni dakika chache tu, na nakusihi usizionee uchoyo. Safari nyingi huharibikia hapa.

Likishatoka, nilitoboe?

Dogo lisilouma likinge tu. Kubwa linalokuzuia kutembea, nawa mikono, lisafishe, litoboe ukingoni kwa sindano iliyotakaswa, likamue taratibu, halafu lifunike. Ngozi ya juu usiibandue, ndiyo kinga yake. Mwenye kisukari asijitoboe, amwone mhudumu wa afya. Vivyo hivyo ukiona usaha, homa au wekundu unaosambaa.

Ninywe maji kiasi gani?

Fuata kiu, kidogo kidogo. Kujilazimisha kunywa lita nyingi huzimua chumvi ya sodiamu kwenye damu, na mtu anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kuchanganyikiwa. Maji ya kijito, hata yawe maangavu namna gani, yachemshe: yakishatokota, yaache dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajawa moto sana.

Jua ni kali. Kwa nini nibebe nguo za baridi?

Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na upepo ukikukuta na fulana ya pamba iliyolowa jasho, mwili hupoa haraka mno. Mwangalie mwenzako: anatetemeka, vidole vinashindwa kufunga zipu, maneno yanakokota, anajikwaa pasipo na jiwe. Usimuulize kama yuko sawa, maana atakujibu yuko sawa. Mkinge na upepo, mvue nguo mbichi, mvike kavu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anameza vizuri. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amelegea, hiyo ni dharura: mlaze, msimtembeze, iteni waokoaji.

Kichwa kinauma tangu tufike juu. Ni uchovu tu?

Ukiwa juu ya mita 2,500, chukulia kuwa ni ugonjwa wa mwinuko, hasa kikiambatana na kichefuchefu au kizunguzungu. Usipande zaidi mpaka upate nafuu, na ukizidiwa, shuka. Anayeyumba kama mlevi, au anayekosa pumzi akiwa amekaa, ateremshwe mara moja akiwa na mtu, hata iwe usiku. Kuwa mwanamichezo hakumkingi mtu.

Mbona kushuka kunaumiza kuliko kupanda?

Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki. Hukaza huku ikivutwa, na nyuzi zake huumia kidogo kidogo. Ndiyo maana jioni unajiona mzima, kisha kesho yake au keshokutwa huwezi kuchuchumaa. Piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo, na fimbo mbili zipunguzie magoti mzigo. Kabla ya kuanza mteremko kaza kamba upya, vidole visiende kugonga mbele ya kiatu. Kucha nyeusi za wasafiri wengi hutokana na hilo, pamoja na kusahau kuzikata kabla ya safari.