Sindano za peptidi: ipi ina ushahidi, ipi haina

Maswali kuhusu sindano za peptidi za kupunguza mwili, kuponya misuli na "kurudisha ujana" yamekuwa mengi hapa Dodoma, na wengi huuliza kana kwamba ni dawa moja. Si dawa moja: peptidi ni jina la kundi zima, minyororo mifupi ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Insulini ni peptidi, na inatibu kisukari tangu 1922. Semaglutaidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, nayo ina ushahidi mzito: katika utafiti wa watu 1,961 uliochapishwa 2021, waliochomwa miligramu 2.4 kila wiki kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito. Wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. BPC-157, peptidi inayouzwa kwa madai ya kuponya misuli, haina ushahidi wa aina hiyo. Tafiti zake nyingi ni za panya. Na tafadhali, dai la kwamba "mwili wenyewe unaitengeneza" si hoja ya usalama. Insulini pia mwili unaitengeneza, na ikizidi inaua.

Vinavyotutia wasiwasi zaidi ni vichupa vya unga vinavyouzwa kwa simu, vimeandikwa "kwa utafiti tu". Kichupa cha miligramu 5 ukikitia mililita 2 za maji ya sindano, yuniti 10 za bomba la insulini (lenye yuniti 100 kwa mililita) zina mikrogramu 250. Ukitia mililita 1, yuniti 10 zilezile zina mikrogramu 500. Bomba hupima ujazo, halipimi dawa. Marekani, mwaka 2024, ilitolewa tahadhari baada ya watu kujichoma semaglutaidi mara 5 hadi 20 ya dozi kwa kukosea hesabu hii.

Dawa isiyosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hairuhusiwi kuuzwa, kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Hukamatwa, na muuzaji hufikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Kuuzia marafiki tu ni kuuza vilevile. Semaglutaidi iliyosajiliwa hutolewa kwa cheti cha daktari, katika famasi yenye mfamasia, si duka la dawa muhimu. Dai risiti, soma namba ya toleo, uliza ilihifadhiwaje: semaglutaidi ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzijoto 2 hadi 8, wala haigandishwi.

Kama umeshajichoma ukatapika mfululizo, au tumbo likauma hadi mgongoni, usichome tena. Nenda kituo cha afya leo hii, ubebe kichupa na boksi lake, na umwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA, ya kuripoti madhara ya dawa.