Mwanachama ni Nani? Swali Linalovikwamisha Vyama Vyetu Mtwara na Lindi

Viongozi wa vyama wanaofika kwenye dawati letu la mafunzo hapa Mtwara huja na katiba mkononi. Wameitia kwenye mfuko wa nailoni, ina mhuri kila ukurasa, na wako tayari kunisomea ibara kwa ibara. Mimi huwaomba daftari la wanachama. Hapo watu huanza kutazamana. Daftari liko kwa katibu. Katibu yuko shambani Nanyamba anapuliza salfa kwenye mikorosho. Akirudi, atalileta. Mara nyingi haliletwi, kwa sababu halipo. Kilichopo ni karatasi za mahudhurio za mkutano wa kwanza, siku ile mgeni rasmi alipokuja na soda zikawatosha watu wote.

Nazungumzia vyama visivyogawana faida: vya wastaafu, vya wazazi, vya watu wenye ulemavu, vya wavuvi, vya mama lishe, vya kufa na kuzikana. Anayeongoza vyama hivi akiulizwa tatizo lake kubwa ni lipi, atajibu fedha. Nimekaa na viongozi wa namna hii kwa miaka, na siamini tena jibu hilo. Fedha hukosekana baadaye. Kinachotangulia kukosekana ni jibu la swali jepesi: mwanachama wetu ni nani?

Msomaji wa Tandahimba au Ruangwa ataniuliza mbona AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, zinajua wanachama wao. Kule mizani inasaidia. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima akifikisha gunia linapimwa, anaandikiwa kilo zake, mnada unafanyika, anasubiri malipo. Hata akiwa hasalimiani na mwenyekiti, anajua kilichompeleka pale. (Malalamiko kuhusu ushirika ni mengi na nayajua. Wazee wetu hawajasahau kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Hayo tuyaache kwa siku nyingine.) Chama cha wastaafu hakina mizani. Mwanachama anatoa ada, na anachokipata hakishikiki: kusemewa, kuzikwa, kujuana. Tena mara nyingi kinampata hata asiyetoa. Chama cha wavuvi kikihangaika mpaka taa ikawekwa kwenye diko, pale mashua zinapotia nanga, taa ile haitamruka mvuvi ambaye hajalipa. Naye anaona hivyo, na mwaka unaofuata mwenzake aliyekuwa analipa anaona pia.

Nina deni langu katika jambo hili. Niliwahi kuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Kwa miaka minne niliyabeba majina kichwani. Nilimjua kila mtu na kila mtu alinijua. Mtu akinikuta njiani akanipa mchango, nilisema asante na kuutia mfukoni mpaka jioni nitakapoukabidhi kwa mweka hazina, naye akaandika jumla ya siku, bila majina. Hatukuiba hata senti. Kisha kazi ikanipeleka Lindi kwa miezi minane. Nikiwa huko, mzee mmoja akafariki, na kamati ikashindwa kukubaliana kama alikuwa amelipa au la. Wakatoa nusu ya rambirambi, kwa tahadhari. Niliporudi nilikwenda kutoa pole, nikasalimia, na mjane akaitikia shikamoo yangu kwa upole kabisa, kisha akaniambia: "Mwanangu, mzee alikuwa anakupa wewe mkononi." Sikuwa na la kujibu. Kitabu cha risiti cha vishina viwili kingemjibu.

Basi tuseme chama chako kina majina 240 tangu kianzishwe. Katiba, ambayo kama nyingi za huku imenakiliwa kutoka kwa chama kingine, inasema akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya watu wanaoufanya uwe halali, ni nusu ya wanachama wote. Akidi ni watu 120. Sasa hesabu walio hai kweli. Waliofariki 30. Waliohamia Dar es Salaam na kwingineko 50. Wasiolipa wala kuonekana kwa miaka mitatu 70. Wamebaki 90. Hata wote 90 wakija na kubeba wagonjwa wao kwa machela, akidi haitimii. Mkutano hauwi halali, uongozi hauchaguliwi, hesabu hazipitishwi, na ile kamati ya zamani inaendelea, mwanzoni kwa shingo upande, halafu kwa mazoea. Nje watu wanasema viongozi wameng'ang'ania madaraka. Wengine wameng'ang'ania kweli. Wengine wamenasa tu.

Njia ya mkato inayotumika ni kutia saini za watu ambao hawakuja. Naitaja kwa sababu wanaoifanya huwa hawaoni kwamba wameghushi. Kwao ni kumwakilisha ndugu aliye shamba. Siku mgogoro ukifika kwa msajili au mahakamani, karatasi ile ya mahudhurio ndiyo inayofunguliwa kwanza.

Dawa ni ibara fupi inayomtaja mwanachama hai: aliyelipa ada ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita, au aliyesamehewa kwa uamuzi ulioandikwa kwenye muhtasari. Akidi ihesabiwe kwa hao. Asiyelipa asifutwe kimyakimya. Aandikiwe au apigiwe simu, apewe muda, na jina lake lihamie ukurasa wa wasio hai, ambako anaweza kurudi akilipa. Wengi wataniuliza: kubadili katiba kunahitaji akidi, na akidi ndiyo hiyo hatuna, tufanyeje? Soma kwanza ibara ya mikutano hadi mwisho. Katiba nyingi zinaruhusu mkutano ulioahirishwa kwa kukosa akidi uitwe tena na uendelee na waliohudhuria. Kama yako haina kifungu hicho, mwandikieni msajili wenu na kumweleza hali ilivyo kabla hamjaitisha chochote. Barua iliyotangulia ina nguvu kuliko utetezi uliochelewa.

Na msajili wenu ni nani? Nashangaa idadi ya viongozi wanaokosea hapa. Shirika lisilo la kiserikali liko chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 na msajili wake yuko wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti chake kina ukomo wa miaka 10, nacho kinahuishwa. Jumuiya iko chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi ya wadhamini, kwa ajili ya kiwanja au jengo, inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kikundi cha kuweka na kukopeshana kina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wake unapitia halmashauri. Kila mmoja anadai taarifa zake. Inatosha kwa leo.

Tukirudi kwenye ada. Katiba iliyonakiliwa husema ada italipwa kila mwisho wa mwezi. Inamfaa mwenye mshahara. Mtu wa Newala au Masasi anayetegemea korosho anashika fedha kuanzia Oktoba, minada ikianza, hadi mwanzoni mwa mwaka. Wa Liwale, Nachingwea au Kilwa mwenye ufuta ana msimu wake katikati ya mwaka. Mvuvi anafuata bamvua na pepo. Ukimdai mkulima wa korosho ada mwezi Aprili, unamdai wakati debe la mahindi ndani limefika chini, na ukimwandika kuwa mdaiwa sugu unamfukuza kwa kosa la kalenda yako. Ada ya mwaka mzima ikipokelewa kwa mkupuo wakati wa mauzo inakuja yenyewe, mara nyingine na ziada. Chama chenye watu wa misimu tofauti kiweke madirisha mawili ya malipo. Mkutano mkuu nao ufuate hivyo. Ukiuitisha Desemba wakati wa likizo, katikati ya harusi na sherehe za jando na unyago, usilaumu wanachama kwa kukosa mwamko. Wako kwenye ngoma, na hata mweka hazina wako yuko huko.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya uongozi vilivyoandikwa mbali na huku haviligusi. Makabila makubwa ya mikoa hii, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, kwa asili hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana kauli. Chama cha mtaani kinapochagua mwenyekiti, mara nyingi kinamchagua mtu ambaye nusu ya kamati inamwita mjomba, na iliyobaki inamwita babu. Mtu hamuulizi mjomba wake habari za risiti. Siyo woga, ni adabu aliyolelewa nayo, na sitamshauri mtu yeyote aivunje. Ninachoshauri ni swali litoke kwenye karatasi. Ajenda namba tatu ya kila kikao, iwe mvua liwe jua, ni taarifa ya fedha: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na kitabu cha benki kinapita mkono kwa mkono. Halafu watu watatu wasio na cheo kingine wakague kila robo mwaka. Kwa utaratibu huo hakuna aliyemuuliza mjomba, ajenda imeuliza. Nimeona wenyeviti wazee wakiupenda utaratibu huu kuliko vijana waliouomba, kwa sababu unawasafisha mbele ya watu bila kuwafedhehesha.

Chama kikikua na kupata mradi, kinaajiri mratibu, na hapo linaanza tatizo jingine. Mratibu ana wakubwa saba. Mjumbe mmoja anataka pikipiki ya ofisi impeleke msibani, mwingine anamletea mpwa wake aajiriwe, mwenyekiti anafika kila asubuhi kupanga kazi za siku. Upande wa pili yupo mratibu anayejua kuandika maombi ya ufadhili peke yake, basi kamati inageuka kuwa ya kutia saini anachowawekea mezani. Mpaka ni huu: kamati inaamua kipi kifanyike na kwa fedha kiasi gani, mratibu anaamua namna ya kukifanya. Maagizo yanamfikia kwa mdomo mmoja, wa mwenyekiti, na yawe yametoka kwenye muhtasari. Mjumbe mwenye haja aiseme kikaoni. Na kiwango ambacho mratibu anaweza kutumia bila kurudi kwenye kamati kiandikwe, kiwe shilingi 100,000 au 300,000, mradi kiandikwe.

Posho inatuletea mabishano kila semina. Wapo wanaosema uongozi wa chama ni kujitolea, kwa hiyo asilipwe mtu. Sikubaliani nao kwa yote. Kukaa kikaoni kusilipwe. Lakini mjumbe anayetoka Kitangari kwenda Newala mjini analipa nauli, na ukiacha aitoe mfukoni mwake kila mwezi, baada ya mwaka mmoja kamati yako itakuwa ya watu wa mjini wenye uwezo tu. Nauli irudishwe, kwa kiwango kimoja kinachojulikana, na mtu asaini.

Kuna pia vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kuundwa kwa sababu ya mkopo si dhambi. Ila kiwe kimekubaliana mapema kitafanya nini marejesho yakiisha, maana wengine huachana siku hiyohiyo na kubakiza akaunti ya benki isiyo na mwenyewe.

Akaunti hizo ndizo zinazonipa simu nyingi. Watia saini watatu: mmoja amefariki, mmoja amehama, mmoja amenuna. Benki inataka muhtasari wa mkutano halali uliochagua wapya. Mkutano halali unataka akidi. Akidi inataka daftari. Tunarudi palepale.

Kwa hiyo mnaopanga kuja kwetu msimu huu, katiba mnaweza kuiacha nyumbani, nakala tutaipata. Njooni na daftari la shule la kurasa 200, kalamu, na watu wawili au watatu wanaowafahamu wanachama mtaa kwa mtaa. Tutaanza na jina la kwanza: yu hai? Yuko wapi? Mara ya mwisho alilipa lini, na nani alipokea?