Uwanja wa kuku unanuka? Ongeza makavu

Swali tunaloulizwa sana ofisini na wafugaji wa hapa Moshi mjini, hasa wenye viwanja vidogo kama Pasua na Majengo, ni hili la tope. Yaani mtu anataka kuku wamtengenezee mboji (mbolea ya mabaki yaliyooza) humo humo uwanjani, anawamwagia mabaki yote ya jikoni, maganda ya ndizi, sukuma iliyonyauka, wanadonoa kidogo wanaacha, masika inapiga, na baada ya muda uwanja mzima unanuka mpaka jirani anagonga geti. Wengi wanaamua kuacha kabisa wakidhani takataka zimezidi. Mara nyingi sio hivyo, kinachokosekana ni vitu vikavu.

Iko hivi, kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi mno, unakuta kaboni ni kama 7 hadi 10 tu kwa nitrojeni 1, wakati vijidudu vinavyotengeneza mboji vinataka kama 25 mpaka 30 kwa 1, na hiyo kaboni inatoka kwenye makavu. Nitrojeni ikizidi inapaa kama amonia, ile harufu inayochoma macho, kwahiyo mbolea yako inaishia hewani na kuku wanaumia vifua. Chuchumaa usawa wa kichwa cha kuku unuse, ukiwa umesimama hutajua wanavuta nini.

Ndoo 1 ya mabaki ya jikoni iende na ndoo 2 au 3 za makavu. Na makavu huku kwetu sio shida jamani, majani makavu ya mgomba, mabua yaliyokatwakatwa, pumba za mpunga toka mashine za Chekereni, maranda ya seremala (uliza kwanza, ya mbao zilizopigwa dawa usichukue). Tandaza unene wa sentimita 20 hivi alafu waachie wenyewe wachakure, wakitafuta funza wanageuza na hewa inaingia. Kuna sehemu hawagusi, mara nyingi kona ya chini na pale chini ya fito wanazolalia, hapo panagandamana, sasa badala ya kuhangaika na reki rusha konzi ya mahindi, utaona.

Unyevu pima kwa mkono. Finya konzi moja, likitoka tone moja mbili hapo ni sawa, maji yakichuruzika ongeza makavu, ikimomonyoka kama vumbi nyunyiza maji. Hapa usifanye mchezo maana vijidudu vya kuhara damu vinapevuka penye unyevu na joto, na vifaranga ndo wanaoangamia, mimi hata ningewatenga mpaka wakue.

Vitu ambavyo usiweke humo: maganda na kokwa za parachichi, viazi vya kijani, maharage mabichi, mboga za chumvi nyingi, nailoni na nyuzi. Na mahindi yenye ukungu, watu wanasema "si kuku tu atakula", hapana, sumukuvu inamuumiza na yeye. Mzoga nao usifukie humo.

Baada ya miezi kadhaa chini kunakuwa keusi kananukia udongo, watu wanafurahi wanapeleka moja kwa moja kwenye mchicha. Subiri kwanza. Humo uwanjani kuku wanatawanya kila siku kwahiyo haipati joto la kutosha, salmonela na mayai ya minyoo vinaweza kuwa vimebaki. Itoe nje, lundika kama mita 1 kila upande na mita 1 kwenda juu, mwagia maji, funika na majani ya mgomba. Chomeka kipande cha nondo katikati, kivute baada ya dakika 10, kama huwezi kukishika vizuri ujue joto lipo. Inatakiwa nyuzijoto 55 au zaidi kwa siku 3 mfululizo, alafu geuza ya nje iingie ndani ipate joto tena, ikipoa iache miezi 2 iive. Kwa migomba na kahawa unaweza kulegeza kidogo, ila usiirundike kwenye shina na kama bado inanuka amonia itaunguza mizizi. Na kama kuku wamekufa kwa mdondo, hiyo mbolea usimgawie jirani anayefuga.