Je, wajua? Mbegu ya mpunga hupimwa ukame ikiwa majini

Masika yakianza mwezi Machi, mkulima wa Pemba humwaga mpunga bondeni kwa kutegemea mvua. Mvua ikikatika wiki moja tu, kuna mbegu zitakazoendelea kuota na kuna zitakazokwama. Mtafiti wa mbegu hutaka kuzitambua mapema, na huanzia kwenye visahani vyenye maji.

Udongo unaokauka hauishiwi maji mara moja, huyang'ang'ania. Ulioshiba mvua huyashika kwa takriban theluthi moja ya bari (bari ni kipimo cha nguvu ya mvuto huo). Ukifika bari 15, mimea mingi hunyauka isiinuke tena. Basi ukitia majini kitu kinachoyang'ang'ania vivyo hivyo, mbegu huona kiu huku imelowa.

Kitu hicho ni polietilini glaikoli, unga mweupe ambao chupani huandikwa PEG 6000. Gramu 200 kwa lita moja ya maji, joto likiwa nyuzi 25, hutoa mvuto wa karibu bari 5. Gramu 300, kama bari 10. Chumvi ni rahisi zaidi, ila huingia ndani ya mbegu na kuitia sumu, ukawa unapima chumvi na si ukame. (Kwa mabonde yanayoingiliwa na bahari, hicho nacho ni kipimo cha maana.) Chembe za unga huu ni kubwa mno, hazipenyi kuta za seli.

Kila aina ya mpunga hupangiwa mbegu 400, mafungu manne ya mia mia, juu ya karatasi ya kuchujia, na nyengine 400 kwenye maji matupu za kulinganishia. Zilizoota huhesabiwa siku ya 5 na ya 14, mizizi ikapimwa urefu.

Kisahani kisipofunikwa vyema maji hupaa, na mvuto ukapanda bila ya mtu kujua. Joto likipanda, mvuto hushuka. Karatasi nayo hunywa maji ikauacha unga, kwa hiyo isilowekwe kwa uchache. Lakini mbegu zisizame, maana maji haya mazito hayapitishi hewa vizuri. Kosa baya kuliko yote ni kushindanisha mbegu ya juzi na ya mwaka jana: mpunga mpya mara nyingi bado umelala, hauoti hata kwenye maji matupu.

Na kisahani hakisemi yote. Ukame huuumiza mpunga zaidi unapochanua, na mbegu iliyoota vizuri kwenye bari 5 yaweza kuishia mapepe matupu. Zilizofaulu hupandwa vyunguni, zikanyimwa maji wakati wa kutoa masuke, ndipo hutazamwa majani yanavyojikunja na punje zinavyojaa.