Je, wajua kwa nini Wi-Fi inayoishia mlangoni mwako huweza kuvuka kilomita 30?

Mtu akisimama usiku kwenye kilima juu ya mji wa Kigoma, huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, nyingine zikiwa mbali kiasi kwamba mtumbwi wenyewe usingeonekana hata mchana. Taa hizo hazina nguvu ya ajabu. Zinaonekana kwa sababu hakuna kitu kati yake na jicho. Mawimbi ya Wi-Fi ni ya jamii moja na mwanga, na mitandao ya bei nafuu ya vijijini hutegemea jambo hilo hilo.

Rauta ya nyumbani hurusha takriban sehemu ya kumi ya wati moja, tena huimwaga pande zote, na kuta humaliza kilichobaki. Ikifungwa antena ya sahani, nguvu ile ile huelekezwa upande mmoja, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga wa balbu ndogo: sahani ya desibeli 24 huizidisha takriban mara 250 kwa aliye mbele yake. Mwaka 2007 mtaalamu wa mitandao Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili ya Venezuela, kilomita 382 kati yake, kwa vifaa vya aina hiyo.

Kikwazo kingine ni muda. Kila inapotuma data, rauta husubiri jibu kwamba imepokelewa, na kiwandani imepangwa kusubiri jibu la jirani. Kwa kilomita 30, kwenda na kurudi huchukua mikrosekunde 200, yaani sehemu 200 za milioni za sekunde. Rauta hukata tamaa mapema na kutuma upya kitu ambacho kilishafika. Dawa yake ni kubadilisha kipimo cha umbali katika programu ya rauta, kazi isiyogharimu hata shilingi.

Gharama yenyewe iko kwenye urefu, na hapo ndipo Tabora na Kigoma zinapoachana. Mawimbi hayapiti kama uzi, bali huhitaji nafasi yenye umbo la mtumbwi, nyembamba kwenye ncha na pana katikati, iliyopewa jina la mwanafizikia Mfaransa Fresnel. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 30, nafasi hiyo katikati ya safari hufika mita 20 kila upande wa mstari wa kati, na angalau mita 12 kati ya hizo zinapaswa kuwa wazi. Ongeza mita 13 za mbinuko wa dunia, kisha mita 15 za miti ya miombo, nawe unadaiwa mlingoti wa mita 40 kila upande, kwa sababu uwanda wa Tabora hauna mlima wa kuazima. Safari hiyo ikikatwa vipande vya kilomita 10, milingoti ya mita 24 hivi hutosha. Ni mingi zaidi, lakini fundi wa kuchomelea wa mjini anaiweza, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko hesabu ya vyuma.

Miombo ina hila yake pia. Hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo mtandao uliopimwa mwezi Agosti ukapita vizuri unaweza kudhoofika miti ikichipua, maana majani yamejaa maji na maji hunyonya mawimbi. Anayepima kiangazi ajiwekee akiba.

Kigoma, kwa upande wake, imepewa minara bure. Vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo na Kagunga, vinavyofikiwa zaidi kwa boti, vimejificha nyuma ya vilima, lakini kituo kimoja cha kupokezana kikiwekwa kileleni huona pande zote mbili. Vifaa vyake hula chini ya wati 20, hivyo sola na betri hutosha, ilimradi waya wa radi umezikwa vizuri ardhini.

Shida ya huku ni maji. Mawimbi yakipita juu ya ziwa tulivu, sehemu yake hugonga uso wa maji na kudunda, kisha hufika yamechelewa kidogo na kuyafuta yale yaliyokuja moja kwa moja. Fundi asiyelijua hilo huipandisha antena juu zaidi kila mara, ilhali pengine angeishusha mita mbili tu, ukingo wa mwamba ukaikinga na mawimbi yanayodunda majini, na mtandao ukarudi.