Algorithimu sio neno la TikTok jamani

Wadau wa Moshi, kijiweni pale karibu na stendi watu wanabishana eti algorithimu (yani zile hatua za kufuata mpaka hesabu au kazi iishe) ni neno la Kiingereza walilotunga wenye TikTok na Instagram, alafu fundi simu mmoja akaja na lake, oh ni Kigiriki hilo, ndugu yake logarithimu. Wote chali.

Hilo ni jina la mtu kabisa! Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, msomi wa Baghdad karne ya 9, na hilo al-Khwarizmi ni kusema tu mtu wa Khwarazm, huko Asia ya Kati, kama tunavyomwita mtu Mmachame. Karne ya 12 kitabu chake cha hesabu za tarakimu za Kihindi kikatafsiriwa Kilatini, jina likageuka Algoritmi, basi Ulaya wakaanza kuziita hesabu zenyewe hivohivo. Ile "th" iliingia baadae watu walipochanganya na arithmos, namba kwa Kigiriki, kwa iyo fundi naye hajabahatisha sana. Ila logarithimu ni kitu kingine, aliitunga John Napier, 1614.

Sasa Mjerumani anasema Algorithmus, Mturuki algoritma, Mjapani arugorizumu, Mwarabu khawarizmiyya, yani jina la mzee waziwazi. Mchina ndo kajitoa, yeye ni suanfa, njia ya kuhesabu, basi. Mhispania ana algoritmo, na pembeni ana guarismo, tarakimu, nalo ni mzee huyohuyo.