Punda mwitu mwenye kromosomu 63 si baghala

Ujumbe kuhusu punda mwitu umeingia tena wiki hii hapa maabara: "Majibu yanaonyesha huyu jike ana kromosomu 63. Tumtoe kwenye kundi la kuzalisha?" Hapana. Mwacheni azae.

Nimechoka na hili. Watu wameshika kwamba baghala ana 63 naye ni tasa, basi kila wakiona namba witiri wanasoma utasa. Punda mwitu wa Somalia, yule mwenye mistari miguuni, hukutwa na 62, 63 au 64, na wote ni wamoja, wanapandana na kuzaa. Tofauti iko mahali pamoja tu: kwa mwingine utaona kromosomu moja ndefu yenye sentromea (kile kiuno kinachobana kromosomu) katikati, kwa mwingine mbili zenye sentromea nchani. Ni kama doti ya kanga: ikatwe isikatwe, kitambaa ni kilekile. Mwenye 63 amerithi ile ndefu kwa mzazi mmoja na zile mbili kwa mwingine. Kwenye meiosisi, yaani seli zinapogawanyika kutengeneza mbegu na mayai, zile mbili hujipanga ubavuni mwa ile ndefu, kila moja na mkono wake, na kazi inaendelea.

Shida ya baghala ni nyingine kabisa. Ana 32 za farasi na 31 za punda, na mpangilio wake umepishana sehemu nyingi mno, kwa hiyo hazipati wenzi wa kushikana nao sawasawa. Anayebisha anieleze farasi wa kufugwa (64) akipandana na farasi wa Przewalski, farasi mwitu wa Mongolia (66): mtoto ana 65, witiri hiyo, na anazaa.

Kuna na madai mengine ninayoletewa. "Mwenye 64 ana damu ya farasi." La. Wazazi wawili wenye 63 wanaweza kupata watoto wa 62, 63 na 64.

"Mwenye 62 amechanganyika na punda wa kufugwa." Hofu yenyewe ni ya haki, maana punda wa kufugwa ana 62, na huko jangwa la Danakil, Eritrea na Ethiopia, punda wa kufugwa huchungwa humo humo wanamoishi wa mwituni, nao waliobaki ni wachache sana. Lakini 62 peke yake haithibitishi kitu. Pimeni DNA.

"Ni kasoro ya punda wa Afrika." Onaga, kulani na kiangi, punda mwitu wa Asia, wana tofauti hii pia, hata punda milia wa nyikani kwetu.

Na damu ya kuhesabia kromosomu, jamani, ije kwenye tyubu ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ya kifuniko cha kijani. Ya EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, wapelekeeni watu wa DNA. Mimi nahitaji seli hai za kukuza. Wala msiiweke kwenye friza.